Dawa na mazoezi kwa mtoto mwenye distrofia ya misuli: mwongozo kamili kwa wazazi wa Lamu na Malindi

Distrofia ya misuli ni jina la kundi la maradhi ya kurithi ambayo hudhoofisha misuli mwaka baada ya mwaka. Katika kundi hilo, aina ya Duchenne, iliyopewa jina la tabibu Mfaransa aliyeieleza katika miaka ya 1860, ndiyo huwapata watoto wengi zaidi, huanza mapema na kwenda kwa kasi, nayo ndiyo tunayoizungumzia hapa. Huwapata karibu wavulana pekee, takriban mmoja kati ya 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni inayotengeneza distrofini, protini inayolinda utando wa chembe za misuli kila msuli unapojikunja na kulegea. Distrofini inapokosekana, utando huo huchanika hata kwa kazi ya kawaida; mwili hujaribu kuziba mapengo, uvimbe wa ndani haukomi, na hatimaye nyama ya msuli hugeuka mafuta na makovu.

Hadi leo hakuna dawa inayoponya ugonjwa huu kabisa. Zipo hata hivyo dawa zinazouchelewesha, na yapo mazoezi yanayomwezesha mtoto kuitumia vyema miaka hiyo aliyoongezewa. Wazazi wengi hupewa dawa katika chumba kimoja cha hospitali na kuelekezwa mazoezi katika chumba kingine, kisha wakarudi nyumbani wakidhani ni mambo mawili, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Dawa humwongezea mtoto hamu ya kula na wepesi wa kucheza, lakini pia hupunguza uimara wa mifupa, kwa hiyo hubadilisha mazoezi anayoweza kuyafanya kwa usalama. Mazoezi nayo, yakipimwa kwa saa na kuandikwa, humwonyesha daktari kama dawa inafanya kazi. Mwongozo huu unayaunganisha hayo mawili, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: kuhakikisha ni ugonjwa gani

Dalili huanza kuonekana kati ya miaka miwili na mitano. Mtoto huchelewa kutembea, pengine hupita miezi 18 bado anatambaa. Huanguka mara kwa mara, hutembea kwa ncha za vidole, na vigimbi vyake huwa vikubwa na vigumu hata watu wakamsifu kwa nguvu asizokuwa nazo. Ishara iliyo wazi zaidi huonekana anapoinuka kutoka mkekani: hugeuka akashika chini kwa mikono na magoti, kisha huweka mikono magotini na mapajani akijisukuma hadi asimame. Katika nyumba za ghorofa za Mji Mkongwe wa Lamu, ambako ngazi ni kali na vidato vyake ni virefu, wazazi huliona tatizo mapema kwa sababu mtoto hushindwa kupanda bila kushika ukuta.

Kipimo cha kwanza ni cha damu na huitwa kreatini kinasi, yaani kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia. Kwa mtoto mwenye Duchenne matokeo huwa juu ya kawaida mara kumi na zaidi, pengine hata mara mia. Hapa pana mtego unaopaswa kujulikana: vimeng'enya vinavyopimwa kuchunguza ini hutoka pia kwenye misuli, na kwa hiyo navyo hupanda. Mtoto anaweza kuzungushwa miezi mingi akitafutwa ugonjwa wa ini ilhali ini lake ni zima. Ikiwa vipimo vya ini viko juu na mtoto anapata shida kuinuka, muombe daktari apime kreatini kinasi kabla ya jambo lingine.

Kipimo cha kuthibitisha ni cha jeni, nacho hutolewa sampuli ikapelekwa maabara kubwa. Kwa mkaazi wa Lamu njia ya kawaida huanzia Hospitali ya King Fahd hadi hospitali kuu ya rufaa ya Mombasa; kwa wa Malindi huanzia hospitali ya mji. Takriban theluthi mbili ya akina mama wa watoto hawa hubeba jeni yenye hitilafu bila wenyewe kuugua, na theluthi iliyobaki hitilafu huwa imezuka kwa mtoto mwenyewe. Mama mbebaji anahitaji kupimwa moyo naye pia, na dada na binti zake wanastahili kuelezwa kabla ya kupata watoto.

Kuhusu dua na kombe, hakuna daktari mwenye busara atakayezizuia. Anayepaswa kuzuiwa ni mkandaji anayevuta viungo kwa nguvu, kwa kuwa msuli huu huchanika upesi kuliko wa mtoto mwingine.

Hatua ya pili: maandalizi kabla ya kidonge cha kwanza

Dawa ya msingi ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, ama prednisoloni au deflazakoti. Aghalabu huanzishwa mtoto anapokuwa na umri wa miaka minne hadi sita, wakati uwezo wake umeacha kuongezeka lakini haujaanza kupungua. Kwa kuwa steroidi hupunguza kinga ya mwili, yapo mambo yanayofaa kumalizwa kwanza.

Kagua kitabu cha kliniki uhakikishe chanjo zote zimekamilika, hasa zile zenye virusi hai kama ya surua na rubela, kwa kuwa hazifai kutolewa mtu akiwa katika dozi kubwa ya steroidi. Ikiwezekana kupata chanjo ya tetekuwanga, ipatikane sasa. Mtoto apimwe kifua kikuu. Jambo la minyoo nalo halisemwi vya kutosha pwani, ambako watoto hutembea pekupeku kwenye mchanga wenye unyevu: kuna mnyoo uitwao strongiloidi ambao huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na steroidi zikianza ukazaliana kupita kiasi hadi kuhatarisha maisha. Vidonge vya albendazoli vinavyotolewa shuleni haviutoshi. Dawa yake ni ivermektini, na daktari ataamua kupima au kutibu moja kwa moja.

Kisha fungua daftari. Andika uzito, urefu, shinikizo la damu na matokeo ya uchunguzi wa macho. Halafu pima nyumbani mambo matatu kwa saa ya simu: sekunde anazotumia kuinuka kutoka kulala chali hadi kusimama, sekunde za kutembea mita 10 kwa mwendo wake wa haraka, na sekunde za kupanda vidato vinne. Apime mtu yuleyule, mahali palepale, wakati uleule wa siku. Namba hizi tatu ndizo zitakazounganisha dawa na mazoezi huko mbele, na kliniki isiyoziuliza ikumbushwe.

Hatua ya tatu: kutoa dawa ipasavyo

Kipimo kinachopendekezwa kuanzia ni miligramu 0.75 za prednisoloni kwa kila kilo ya uzito kwa siku, au miligramu 0.9 za deflazakoti. Mtoto wa kilo 20, kwa mfano, hufikia miligramu 15 za prednisoloni, yaani vidonge vitatu vya miligramu 5. Hesabu hii nimeitoa ili mzazi aielewe karatasi ya dawa. Anayeipanga na kuibadilisha ni daktari peke yake. Deflazakoti huelekea kunenepesha kidogo kuliko prednisoloni, lakini huongeza hatari ya mtoto wa jicho, hudumaza urefu zaidi, na si rahisi kupatikana madukani kwetu. Wapo madaktari wanaopendelea kutoa kwa vipindi ili kupunguza madhara. Jaribio lililowahusisha wavulana 196 na kuchapishwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba kumeza kila siku kulileta matokeo bora kuliko kumeza siku 10 na kupumzika siku 10. Kwa maoni yangu, anayeweza kufuatiliwa kwa karibu aanze na dozi ya kila siku. Zipo dawa mpya zilizoidhinishwa Marekani, kama vamoroloni mwaka 2023 na givinostati mwaka 2024, lakini bei yake ingali mbali sana na familia ya kawaida, na haifai mzazi kuichelewesha prednisoloni ya bei nafuu akiisubiri dawa ya ng'ambo.

Dawa humezwa asubuhi baada ya chakula, kwa kuwa ikimezwa jioni humnyima mtoto usingizi na ikimezwa tumbo tupu huleta kiungulia. Mtoto ambaye hajabaleghe hana wajibu wa kufunga Ramadhani, na aliyebaleghe ana ruhusa ya mgonjwa. Hata hivyo akishikilia kufunga, azungumze kwanza na daktari, asijiamulie kuruka dozi.

Kanuni iliyo nzito kuliko zote ni kwamba steroidi haikatizwi ghafla. Baada ya wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake ya asili zikiitegemea dawa. Dawa ikikoma kwa ghafla, mtoto huweza kutapika, kulegea, kushuka shinikizo la damu na kufa. Kwa sababu hiyo familia za visiwani ziweke akiba isiyopungua ya mwezi mmoja, hasa msimu wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vikachelewa. Mtoto akitapika siku nzima asiweze kumeza, apelekwe hospitali adungwe haidrokotisoni, steroidi ya sindano, bila kusubiri kesho. Akiwa na homa kali, akivunjika mfupa au akitaka kupasuliwa, daktari humwongezea dozi kwa muda. Homa yoyote ipimwe malaria siku hiyohiyo, kwani steroidi huweza kuficha ukali wa maambukizi. Na alale ndani ya chandarua kila usiku.

Madhara ambayo wazazi huyaona kwanza ni njaa na hasira. Njaa ya steroidi ni ya kweli, mtoto hajifanyi, na kumgombeza hakuipunguzi. Linalosaidia ni kubadilisha chakula cha nyumba nzima: chai yenye sukari kidogo, mahamri na kaimati viwe vya siku maalumu, wali wa nazi upungue na mboga na samaki viongezeke. Ng'onda na vyakula vingine vya chumvi nyingi vipungue kwa sababu ya shinikizo la damu. Mifupa huhitaji kalisi na vitamini D, kwa hiyo maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao na jua la asubuhi vinafaa, pamoja na vidonge iwapo daktari ataviandika. Kila kilo inayoongezeka bila sababu ni mzigo ambao misuli hiyohiyo dhaifu italazimika kuubeba, na mtoto anaweza kupoteza kwa unene faida aliyoipata kwa dawa.

Hatua ya nne: kunyoosha viungo kila siku

Hili ndilo zoezi muhimu kuliko yote, nalo ndilo huachwa upesi kwa kuwa halionekani kama zoezi. Misuli ikidhoofika bila usawa, viungo hukakamaa, kwanza kifundo cha mguu, kisha nyonga na magoti. Mtoto mwenye nguvu za kutosha kutembea anaweza kushindwa kwa sababu tu kisigino hakifiki chini. Unyooshaji ufanywe siku nne hadi sita kwa wiki. Wakati mzuri ni baada ya kuoga jioni, misuli ikiwa imepata joto.

Kwa kifundo cha mguu, mlaze mtoto chali, goti likiwa limenyooka. Kifumbate kisigino kwa kiganja kimoja huku unyayo ukiegemea mkono wako, na mkono wa pili uwe juu ya goti kulizuia. Vuta kisigino kuelekea kwako, kisha sukuma unyayo polepole uelekee kwenye muundi. Hesabu hadi 20 au 30, legeza, rudia mara kumi kila mguu. Kosa la kawaida ni kusukuma vidole tu bila kuvuta kisigino. Hivyo huukunja wayo katikati na kuuacha ukano wa kisigino ulivyokuwa. Mtoto ahisi kuvutwa, asihisi maumivu, na akilia umepita kiasi.

Kwa nyonga, mlaze kifudifudi, bonyeza kalio kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili inua paja kidogo kutoka kitandani. Kwa ukanda wa nje wa paja, alale ubavu, mguu wa chini ukunjwe, na wa juu uvutwe nyuma kisha uachiliwe ushuke taratibu. Mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe kwa mikono yake mara ya kwanza, nawe umfanyie mtoto mbele yake.

Nyongeza isiyo na gharama ni kulala kifudifudi dakika 15 hadi 20 akisoma juzuu au akifanya kazi ya shule. Kinyume chake ni kukaa kitako miguu imekunjwa kwa saa nzima chuoni, jambo linalokaza nyonga na magoti. Mwalimu aombwe ampe kiti au amruhusu ainuke mara kwa mara. Vilevile sheria inamruhusu mgonjwa kusali ameketi, kwa hiyo asilazimishwe kuinuka kutoka sijida mara nyingi akiwa amechoka.

Usiku avae magango ya plastiki yanayoushika wayo katika pembe mraba na muundi. Mchana, maadamu anatembea, asivae. Kutembea kwa ncha za vidole ndiko kunakomsaidia kusawazisha mwili, na ukimnyima anaanguka.

Hatua ya tano: mazoezi ya mwili mzima, na yale ya kuepuka

Hapa ndipo mapenzi ya wazazi huweza kudhuru. Mjomba humwona kijana mlegevu akaamua kumkakamua kwa kumpandisha ngazi na kumbebesha madumu ya maji. Msuli usio na distrofini haujengeki kwa kulazimishwa, bali huchanika zaidi. Mazoezi ya kuinua uzito hayafai. Yanayodhuru kupita yote ni yale ambayo msuli hurefuka huku umebeba mzigo: kushuka ngazi, kuteremka mlima, kuruka kutoka juu ya baraza au ukuta wa gati. Wengi hudhani kupanda ndiko kubaya, kumbe kushuka kunaumiza zaidi. Katika nyumba ya ghorofa chumba cha mtoto kihamishiwe chini, na akiwa lazima kupanda, apande mwenyewe kwa siku anazoweza na abebwe wakati wa kushuka.

Zoezi linalofaa kuliko yote ni kuogelea, na hapa pwani tumebarikiwa maji yenye joto mwaka mzima. Maji hubeba uzito wa mwili, hayana mshuko, na kupuliza pumzi majini hufanyisha kazi misuli ya kifua. Chagua siku za maji mafu, mkondo unapokuwa hafifu. Siku za bamvua, maji yanapotoka kwa kasi kati ya Lamu na Manda, hata muogeleaji hodari hutaabika. Maji yawe ya kifuani kwa mtoto, mtu mzima awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, na muda uwe dakika 20 hadi 30 pamoja na mapumziko. Mtoto huyu akipigwa na wimbi huenda asiweze kujigeuza mwenyewe, hata kama mwaka jana aliweza. Mchanga mlaini wa ufuoni humchosha haraka, basi umbali wa kutoka nyumbani hadi majini apandishwe punda anayeongozwa na mtu mzima, au abebwe.

Baiskeli kwenye tambarare nayo hufaa, na Malindi kuna nafasi kuliko vichochoro vya Lamu. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2013 liliwahusisha wavulana 30. Waliozungusha pedali zinazosaidiwa na mota, kwa miguu na kwa mikono, dakika 15 kila moja, siku tano kwa wiki, waliuhifadhi uwezo wao katika wiki 24 huku wenzao wakipungukiwa. Kukaa bila kujongea, kwa hivyo, si usalama.

Mpira na wenzake aachiwe, mradi anajua kwamba kupumzika ni haki yake. Ajue yeye mwenyewe kipimo: aweze kuzungumza akiwa anacheza, na asubuhi ya pili asiamke na maumivu ya misuli. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi baada ya kucheza, misuli imevunjika kwa wingi. Asimamishwe mazoezi, anyweshwe maji na apelekwe hospitali. Tahadhari zaidi inahitajika miezi ya mwanzo ya steroidi, kwa kuwa mtoto huchangamka ghafla, hukimbia kuliko alivyozoea, na familia kwa furaha hushindwa kumzuia.

Hatua ya sita: kuyasoma mambo mawili kwa pamoja

Kila baada ya miezi sita rudia vipimo vitatu vya daftarini siku chache kabla ya kliniki. Sekunde zikibaki palepale au zikipungua, dawa na mazoezi vinakwenda sawa. Zikiongezeka, tafuta kwanza sababu: je, uzito umepanda haraka, kisigino hakifiki chini, dozi haijabadilishwa ilhali kilo zimeongezeka, au vidonge vilikosekana? Mtoto aliyenenepa anahitaji jibu tofauti na aliyekakamaa, na daktari hawezi kuwatofautisha kwa dakika kumi bila daftari lako.

Maumivu ya mgongo kwa mtoto anayemeza steroidi yasichukuliwe kuwa uchovu wa mazoezi. Huenda pingili imebonyea, na picha ya eksirei ipigwe kabla ya kuendelea na zoezi lolote.

Moyo nao ni msuli. Upimwe tangu ugonjwa unapothibitishwa, kisha kila mwaka, hata kama mtoto halalamiki. Dawa za kulinda moyo za kundi la enalaprili na perindoprili hupendekezwa kuanza afikapo miaka 10, hata kipimo kikiwa kizuri. Akiwa nazo, anywe maji ya kutosha anapofanya mazoezi kwenye joto, na akiharisha au kutapika daktari aulizwe kama zisitishwe kwa muda. Angalia tofauti: hizi huweza kusitishwa, steroidi kamwe.

Miguu inapochoka

Bila tiba wavulana wengi hupoteza uwezo wa kutembea kabla ya miaka 13. Steroidi huongeza miaka kadhaa. Siku hiyo ikifika, usikubali dawa iachwe kwa hoja kwamba haina kazi tena. Huendelea kulinda mikono, pumzi na uti wa mgongo, pengine kwa dozi ndogo zaidi. Mazoezi huhamia juu: kunyoosha viwiko, vifundo vya mikono na vidole, kuzungusha pedali kwa mikono, kuvuta pumzi ndefu na kukohoa kwa nguvu. Kiti cha magurudumu kiwe cha kipimo chake, kiuno kikae sawa na miguu iegemee, kwa kuwa kiti kipana hupindisha mgongo. Kuamka na maumivu ya kichwa au kusinzia mchana ni ishara kwamba pumzi ya usiku haitoshi, na apimwe.

Jambo la mwisho linahusu usingizi wa dawa, na linawahusu watoto wa umri wote. Kwa kuwa kutahiriwa kwetu hakuepukiki, mtoto atahiriwe hospitalini kwa ganzi ya mahali, si kwa kulazwa usingizi bila sababu. Ikiwa lazima alazwe, kwa upasuaji huu au mwingine, mwambie mtaalamu wa usingizi kwa kinywa chako, usitegemee faili, kwamba suksamethoni (dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji) na gesi za usingizi kama halotheni huweza kuvunja misuli ya mtoto huyu na kuusimamisha moyo. Yaandike hayo katika kadi ngumu pamoja na jina la ugonjwa, dozi ya steroidi, onyo la kutoikatiza na namba ya simu ya daktari wake, kisha uifunge kwa plastiki isilowe chomboni. Nakala moja ikae katika mkoba wa mtoto, nyingine kwa mwalimu.